Skrubu au Gundi

Fundi Balume alikuja na penseli sikioni
na maneno machache, kama mtu anayelipa kila neno ushuru.
Akagonga ukuta wa sebule kwa kifundo cha kidole:
hapa saruji, hapa jiwe la mlima, hapa upepo.
"Ukuta huu hauko sawa, mama Asifiwe.
Umeinama kuelekea ziwani."
Nikamwambia: hata sisi.

Nilitaka kabati lililozaliwa na ukuta,
si la kusimama mbele yake kama mgeni anayengoja kiti.
Rafu kutoka sakafuni hadi darini, za libuyu,
mbao zilizofika Ndosho kwa lori, zikashuka Katindo kwa chukudu,
zikinuka bado msitu uliolowa.
Na chini ya dari, ukanda wenye nakshi,
mawimbi madogo ya patasi,
kuziba ule weusi ambapo dari na ukuta
vimenuniana tangu tetemeko la mwisho.

Husema watu, usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi tumeujenga, mara tatu,
na mara zote ufa ulifika kwanza, ukatungoja.

Miaka ishirini nimenunua vitu kwa kuvipima na mgongo.
Kitanda: kifunguke vipande vinne.
Meza: miguu itoke.
Picha ya harusi haina fremu, kioo ni kizito.
Siku mlima ulipomwagika, mama mkwe wangu Nabintu
alibeba mlango. Mlango mtupu, bila nyumba,
kichwani, hadi Sake,
na njiani watu walimpisha
kama anayeingia ndani.

Basi Balume alipouliza, msumeno mkononi,
"Skrubu au gundi?"
nyumba nzima ilinyamaza.
Skrubu maana yake: siku moja utanifungua.
Gundi maana yake sikuijua; sikuwahi kuinunua.

"Gundi," nikasema, "na misumari isiyo na kichwa."
Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine,
jirani mwenye hati ya kiwanja, labda.

Siku nne za randa. Maranda yakajikunja sakafuni
kama nywele za mtoto siku ya kunyolewa;
watoto wakayavaa masikioni.
Penye pembe, ukanda ulikutana na ukanda,
ncha kwa ncha, kila mmoja umekatwa mshazari.
"Hapa ndipo seremala hujulikana," alisema,
"kona haina pa kujificha."
Akakosea moja. Akaijaza vumbi la mbao na gundi,
akapuliza, akanitazama.
Sikuona kitu.
Niliona.

Ijumaa Nabintu akatoka chumbani na furushi lake,
lile la nyuma ya mlango: vyeti, shuka, sufuria ndogo,
dawa ya presha, vitenge viwili,
halijafunguliwa tangu ule mwezi wa tano.
Akaliweka juu ya meza ya kazi, kati ya patasi na msasa.
"Pima na hili."

Nilitaka kusema, mama, hili ni kabati la kukaa.
Balume hakucheka. Akavuta futi:
hamsini na mbili kwa arobaini.
Akakata nafasi upande wa kutokea,
haina mlango, haina kufuli,
usawa wa mkono wa mwanamke anayeharakisha gizani,
na kuizunguka akapiga ukanda uliobaki,
mawimbi mazuri kuliko ya darini.
Hayo hakuyadai pesa.

Sasa wageni wakija husifu rafu za juu,
vitabu vya shule, redio, vikombe visivyonywewa.
Hupapasa mbao, huuliza bei.
Kisha macho yao hushuka, hufika pale karibu na mlango,
kwenye fremu ile nzuri na fundo la kitenge ndani yake.
Wa kutoka mbali huuliza ni nini.
Wa hapa mjini huomba namba ya fundi.